Kesi ya Kupe wa Angani

Nikuulize wewe unayenisikiliza, na usijibu kwa pupa kama mtu aliyebakiwa na tonge moja. Wawili wameondoka nyumbani. Aliyetangulia kuondoka ndiye ametangulia kufika. Wa pili kafika nyuma yake, na watu wote wameona kwa macho yao. Lakini mshindi ni huyo wa nyuma, na hakuna aliyependelewa. Ni mbio gani hizo?

Umeshindwa, basi nipe mji. Tarime sitaki, kuna baridi. Nipe Musoma, nimeshaizoea.

Mbio hizo ni za mwewe. Simaanishi mwewe anayebeba vifaranga. Nasema zile ndege zisizo na injini, za mabawa marefu membamba, ambazo watu wa klabu wanazirusha kwenye uwanja wa nyasi kule Butiama. Gari lenye winchi linakaa mwisho wa uwanja, linavuta kamba kwa nguvu, ndege inapanda kama kishada. Ikifika juu inaachia kamba, na kuanzia hapo rubani amebaki na upepo wa Mungu. Anatafuta mahali ambapo hewa ya moto inapanda kutoka kwenye mawe na mashamba. Wenyewe wanapaita ngazi. Akiipata ngazi anazunguka ndani yake huku anapanda, na wakiwa wengi wanazunguka wote upande mmoja, huyu juu, huyu chini, kama sahani zilizopangwa. Akishiba urefu anateleza kwenda mbele kutafuta ngazi nyingine. Nimewaonaga wakienda Bunda na kurudi bila tone la mafuta, na bado sijaamini vizuri.

Kwenye mashindano hawaondoki pamoja kwa kipenga, wangegongana. Kuna mstari hewani, hauonekani, wanauita lango. Mwamuzi anatangaza kwenye redio kwamba lango limefunguliwa, halafu kila mtu anachagua mwenyewe wakati wa kulipita, na saa yake inaanza hapo. Anakwenda mpaka Guta, karibu na Bunda mjini, anageuka, anarudi Butiama. Aliyetumia muda mfupi ana pointi nyingi. Aliyeangukia shambani anapewa pointi za alipofika, pamoja na kicheko. Ndiyo maana unaweza kutoka nyuma, ukafika nyuma, ukashinda.

Lakini hapo hapo ujanja unaingia. Anayetangulia anatafuta ngazi kwa jasho lake. Wa nyuma anaangalia tu mwenzake anazunguka wapi, anakwenda moja kwa moja. Mimi nilipokuwaga nachunga ng'ombe za baba nilipenda kutembea nyuma ya kaka yangu asubuhi, ili umande wote uishie kwenye miguu yake. Klabu ikaona haifai, ikatunga kanuni: rubani akionekana amekaa makusudi nyuma ya mwenzake ili aongozwe njia, mwamuzi anamuuliza mbele ya watu, na asipokuwa na jibu, pointi zake za siku hiyo zinafutwa. Jina la kanuni hiyo ni refu na lina Kiingereza kingi. Vijana wanaiita kanuni ya kupe.

Nimeyajuaje yote haya, mimi niliyeishia darasa la saba? Kwa sababu ya Wankyo. Ni mtoto wa mwanangu Apolinary, aliyeko Kibara na mitumbwi yake, lakini nimemlea mimi tangu hajaota meno, na sasa ni mwanamke mzima. Aliingia klabu kwa kufagia banda na kufuta mabawa, wakamlipa kwa kumrusha. Mimi nauza dagaa na samaki wabichi pale soko la Mwigobero, Musoma, na siku za mashindano napanda gari la asubuhi kwenda Butiama kuwapikia. Mwaka huu mshindi alikuwa anapelekwa nje ya nchi kusomea ualimu wa kurusha hizo ndege. Nafasi ilikuwa moja. Wankyo alikuwa ameitaka mpaka akawa anaitaja usingizini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa, kwa sababu Benson, mmoja wa marubani, ni Msabato, na Jumamosi harushi hata jiwe. Marubani walikuwa watatu tu. Benson, Wankyo, na mzee Stanislausi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma, ambaye alijifunza ukubwani na akawapita vijana.

Mimi nilianza kushuku kabla hata ng'ombe hawajafukuzwa uwanjani. Nilimwona Wankyo nyuma ya gari la winchi, anaongea kwa sauti ya chini na Lukas. Lukas ndiye anayeendesha winchi, na ni mtoto wa kiume wa mzee Stanislausi. Wanacheka. Mara mzee akatokea na chupa yake ya maji, na mjukuu wangu akakatisha kicheko, akazunguka ndege kwa upande wa pili, akainama kama anatafuta kitu kwenye nyasi. Mzee akasema habari za asubuhi. Wankyo akaitikia nyasi.

Nikamwita. "We mke mwenzangu, unamtafutia nini mzee wa watu kwenye majani?"

"Naangalia tairi, bibi."

"Tairi liko huku."

Akacheka kidogo, akaenda. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana jambo, na jambo lenyewe linamhusu Stanislausi. Mtu akimkwepa mtu mzima asubuhi, jioni utasikia sababu.

Chakula cha mchana nacho hivyo hivyo. Nilikuwa nimewapikia sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Mzee alipokaa mkekani, Wankyo alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya banda, peke yake, kwenye jua. Nyangi, mama mwenye chai ambaye yupo uwanjani kila wiki, akanisogelea.

"Mjukuu wako amegombana na mzee?"

"Sijasikia."

"Haya. Mimi nimeuliza tu. Lakini mtu mwenye roho safi anakula kivulini."

Wakarushwa. Benson kwanza, kisha mzee, kisha Wankyo. Juu ya yale mawe makubwa upande wa mashariki kulikuwa na ngazi nzuri, hata mimi niliiona, maana ndege zilikuwa zinapanda mbele ya macho. Mzee juu, Wankyo chini yake. Ndege ya Wankyo ni nyepesi, ikawa inamkaribia mzee kwa chini, inamkaribia. Mwamuzi, mwalimu Leonardi, aliyefundisha jiografia mpaka akastaafu, akatangaza lango limefunguliwa. Benson akaondoka mara moja, ndivyo alivyo.

Hapo Wankyo akafanya kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Alikuwa karibu kumfikia mzee. Akageuza ndege, akatoka kwenye ile ngazi nzuri, akaenda kuzurura upande ambao hakukuwa na kitu. Akawa anashuka. Tuliokuwa chini tulikuwa tunamtazama anashuka.

"Amekuwaje huyo?" Nyangi akauliza.

"Labda ameona ngazi nyingine."

"Ngazi gani, bibi? Si unaona anakuja huku kwetu kunywa chai?"

Mzee akaendelea kupanda bila haraka, akatosheka, akapita lango, akaelekea Bunda. Ndipo Wankyo akarudi kwenye ngazi ile ile, akapanda upesi, akapita lango. Akafuata njia ile ile.

Mwalimu Leonardi alishusha darubini yake, akanitazama. Na mimi nilijitia kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Baadaye simu yangu ililia. Alikuwa wifi yangu Dafroza, mkulima wa Guta, ambaye nilimwambia atazame juu.

"Wifi, wamepita. Yule wa kwanza amegeuka hapa juu ya shamba langu la mtama. Lakini wa pili, ni mtoto wetu yule?"

"Ndiye."

"Basi ana mambo. Alipofika, mwenzake alikuwa bado anazunguka. Yeye hakusogea, alikaa kule mbali juu ya ukingo wa ziwa, anangoja. Ameshuka mpaka nikasoma namba za tumboni. Nilijua anaingia majini. Mwenzake alipoondoka ndiyo akaja. Anamvizia huyo mtu?"

Nikamwambia mtandao haushiki, nikakata. Mtandao ulikuwa unashika vizuri sana.

Mzee alitua kwanza. Wankyo akatua nyuma yake, na vile vidude vinavyochora njia ya ndege vilipotolewa, ikaonekana muda wa Wankyo ni mfupi. Alikuwa ameshinda. Benson alirudi jua limeshaanza kuinama, juu ya bodaboda, na pamba imemganda kwenye soksi.

"Nimetua shamba la pamba pale kabla ya Bunda," akasema. "Mwenye shamba ameniuliza kama mimi ndiye bwana shamba mpya."

Watu wakacheka, ila mzee Stanislausi hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na meza ya mwamuzi, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mimi sipendi maneno. Lakini huyu mtoto alikuwa nyuma yangu kutoka hapa mpaka Guta, na kutoka Guta mpaka hapa. Kila ngazi niliyotoka mimi, aliingia yeye. Naomba kanuni isomwe."

Mwalimu akafungua kompyuta yake, akatuonyesha michoro, mstari wa bluu wa mzee na mstari mwekundu wa Wankyo. Ilikuwa vile alivyosema. Mstari mwekundu ulipita kila mahali mstari wa bluu ulipozunguka, kila mara baada ya wa bluu kuondoka.

"Wankyo," mwalimu akasema, na hakuwa mkali, "nakuuliza kama kanuni inavyotaka. Kwa nini uliacha hewa inayopanda ukaenda kungoja kwenye hewa inayoshuka?"

Wankyo alikuwa upande wa pili wa ndege, tunaona miguu yake tu na kichwa kidogo.

"Sikumfuata ili anionyeshe njia," akasema.

"Hilo si swali langu. Kwa nini ulingoja?"

Tukasikia ng'ombe wanarudishwa uwanjani.

"Nakupa mpaka kesho mchana," mwalimu akasema. "Kesho ukija na jibu, tutalipima. Usipokuja nalo, pointi zinafutwa, na nafasi inakwenda kwa mzee Stanislausi. Na mimi nitasikitika, lakini nitasaini."

Njiani kurudi Musoma nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza akasema amechoka. Mara ya pili akaniambia, "Bibi, lipo jibu, ila si langu peke yangu." Ndio nikazidi kuogopa. Jambo la haki mtu analisema peke yake. Jambo lenye washirika ndilo linalotembea kimya. Nikamkumbuka Lukas na kicheko cha nyuma ya winchi, nikaanza kushona. Labda Lukas alimwambia mapema baba yake atatoka saa ngapi na atapita wapi. Labda kuna ishara walipeana. Kijana kumuuza baba yake mzazi, kwa sababu gani? Hapo uzi wangu ukakatika.

Jumatatu asubuhi niko Mwigobero, nageuza dagaa kwenye turubai, namwona nani? Lukas. Amevaa shati jeupe kama anakwenda kipaimara. Alipofika hakusimama kama wateja wengine, alichuchumaa kabisa, akaniamkia akiwa ameinamisha kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unataka dagaa?"

"Ndiyo bibi. Ndoo."

"Ndoo nzima? Mna msiba?"

"Hapana bibi. Ni za nyumbani tu."

Nikampimia. Hakuomba punguzo hata kidogo, na mtu wa Musoma asiyeomba punguzo la dagaa ana lake. Jenoveva Bhoke, jirani yangu wa turubai la pili, akakohoa kwa makusudi.

"Lukas," nikasema, "mimi nimezeeka lakini macho yananifaa. Umekuja kuninunua?"

"Hapana bibi, siwezi."

"Jana mlikuwa mnanong'ona nini na Wankyo?"

Akaangalia dagaa. "Bibi, kuna wazee walikuwa waje kwako wiki ijayo. Naomba uwapokee. Siwezi kusema zaidi, baba yangu bado hajaambiwa."

"Wazee wa nini? Wa klabu?"

Akaniaga akaondoka na ndoo yake, ametoka jasho asubuhi ile. Bhoke akauliza, "Wanakuja kukuhonga na wazee?" Nikamwambia anyamaze, lakini na mimi ndivyo nilivyofikiria. Maana akili ikishakuwa na kesi, kila kitu inakiona ni ushahidi. Wazee, nikasema, ni wa kuja kunibembeleza nitunze siri ya wizi wao. Nikapanga kuwapokea na mwiko.

Mchana tukawa Butiama tena. Mwalimu Leonardi ameweka meza bandani, Benson yupo, Nyangi amefunga chai yake aje kusikiliza. Lukas amesimama mlangoni, uso umekuwa kama unga. Mzee Stanislausi amekaa kwenye benchi. Mimi nilikaa mkabala naye. Wankyo alikataa benchi, akaja kusimama nyuma yangu, karibu na tairi la ndege, amegeukia ukuta wa mabati.

"Tuanze," mwalimu akasema. "Wankyo, swali unalijua."

Akawa anakwaruza bati kwa ukucha.

"Wankyo."

"Mwalimu, naomba nikujibu baada ya wiki moja."

"Kanuni hainipi wiki. Jina la mshindi linaondoka leo."

"Basi sina la kusema."

Benson akasema, "Dada, hata uongo mdogo huna? Mimi nikiulizwa kwa nini nilitua kwenye pamba nina majibu matatu."

"Benson, kaa kimya," mwalimu akamwambia.

Mzee Stanislausi akanyanyua mkono. Nilijua sasa anakuja kummaliza, nikakaza khanga yangu kiunoni. Lakini alisema kwa upole.

"Mwalimu, jana sikulala vizuri. Mimi nina duka, nina watoto wakubwa, sina njaa ya kumnyang'anya binti nafasi yake. Ninachotaka ni kujua sikuibiwa. Kwa hiyo nasema hivi mbele yenu. Asinielezee habari ya ngazi wala lango. Aje asimame hapa mbele yangu, aniangalie machoni, aseme, mzee, sikukufanyia ukupe. Akisema hivyo tu, naondoa malalamiko na nampa mkono."

Banda likapumua. Hata Nyangi alisema, "Hayo ni maneno ya mtu mzima." Mwalimu aliweka kalamu chini, anafurahi. Mimi nikageuka.

"Umesikia, mke mwenzangu? Ni hatua chache. Nenda."

Hakwenda. Badala yake alisogea zaidi nyuma yangu, akainama, na nikasikia ameshika pindo la khanga yangu kwa vidole viwili, kama alivyokuwaga anafanya akiwa mdogo tukipita penye mbwa.

"Anaogopa macho yangu," mzee akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi mwalimu, mimi nimetosheka. Nilitaka niwe nimekosea."

"Baba," Lukas akasema mlangoni.

"Wewe nyamaza. Na wewe nina swali lako, nimeambiwa mlikuwa mnanong'ona nyuma ya winchi. Tukifika nyumbani."

Lukas akafungua mdomo, akatazama kichwa cha Wankyo nyuma ya bega langu, akaufunga.

Mwalimu Leonardi akachukua kalamu yake. Moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Nusu ilisema, muache, ameiba, afundishwe. Nusu nyingine ilikuwa inamwona anashuka juu ya maji kule Guta, anangoja, na kupe gani huyo anayekubali kuzama ziwani kuliko kumsogelea ng'ombe? Kupe anaganda. Huyu wangu kila mahali alikuwa anabanduka.

"Mwalimu, zuia mkono wako kidogo," nikasema. "Mimi si mwanachama, lakini nimewapikia, nina haki ya kuuliza mara moja."

"Uliza, bibi."

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka atanyamaza tena. Nikauliza huku naangalia meza.

"Wankyo, mjukuu wangu. Nafasi yako inaondoka, nakuona unaipungia mkono. Baba yako atauliza, nitamwambia nini? Mzee amekupa mlango, amekufungulia mwenyewe, na wewe humwangalii. Jana hukula naye. Hewani hukukaa naye. Huyu mtu amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, bibi."

"Sasa kwa nini ulingoja?"

Nikasikia anavuta pumzi, na vidole vikaachia pindo. Aliongea na mgongo wangu, kwa sauti ya kawaida ambayo banda zima lilisikia.

"Bibi, mwambie mwalimu ndege yangu ilikuwa inapanda haraka kuliko yake. Ningezunguka mara mbili tu zaidi ningekuwa nimekaa juu ya kichwa chake, na Guta vilevile. Lukas amenichumbia, wazee wanakuja kwako wiki ijayo. Huyo ni mkwe wangu, bibi. Sipitagi juu ya mkwe."